Saa ya Kuhesabia Inaanza Lini?

Kila ninapopewa ripoti ya utafiti wa saratani niisome, iwe inahusu kinga au maisha ya watu waliokwisha kutibiwa, sianzi na matokeo. Natafuta kwanza sentensi ambayo mara nyingi imejificha katikati ya maelezo ya mbinu: siku ya kwanza ya kumhesabu kila mshiriki ilikuwa ipi? Ni siku aliyopigwa picha, siku daktari alipoutaja ugonjwa, siku aliyomaliza dawa, au siku aliyotia saini fomu ya kukubali kushiriki? Watu wengi hudhani kwamba ugumu wa takwimu za saratani umo ndani ya fomula. Fomula zipo, na kompyuta huzimaliza kwa sekunde chache. Makosa mengi makubwa ninayokutana nayo yametendeka kabla fomula haijaguswa, pale mtu alipoamua saa ianze lini, isimame lini, na nani awe anahesabiwa wakati inapoanza.

Tuanze na kipimo kinachopendwa kuliko vyote, yaani asilimia ya wagonjwa wanaoishi angalau miaka mitano baada ya kugunduliwa. Tuseme wapo wanaume mia moja ambao wote watafariki kwa saratani ya mapafu wakiwa na umri wa miaka 70. Wasipochunguzwa, dalili zitawafikisha hospitali wakiwa na miaka 67, na kwa kuwa hakuna hata mmoja atakayetimiza miaka mitano tangu siku hiyo, kiwango cha kuishi kitaandikwa asilimia 0. Sasa tuseme wanaume haohao wamepata kipimo kinachouona uvimbe wakiwa na miaka 60. Wote wataishi miaka kumi baada ya kugunduliwa, kiwango kitapanda hadi asilimia 100, na bado wote watazikwa wakiwa na miaka 70. Hakuna aliyeongezewa hata siku moja ya maisha. Kilichosogea ni mwanzo wa saa tu, na pengine walichoongezewa ni miaka saba ya kuishi wakijua kwamba ni wagonjwa.

Huu si mchezo wa darasani. Kuanzia mwaka 1971, watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani waliwaandikisha wanaume 9,211 wavutaji sigara na kuwagawa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipigwa eksirei ya kifua na kupimwa makohozi kila baada ya miezi minne kwa miaka sita. Kundi la pili lilipewa tu ushauri wa kawaida wa wakati ule, wa kupima mara moja kwa mwaka. Ufuatiliaji ulipoendelezwa hadi miaka ya 1990, wagonjwa wa kundi la kwanza ambao saratani yao ilikamatwa mapema na kuondolewa kwa upasuaji walikuwa na muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu yao waliuvuka, wa miaka 16, ilhali wenzao wa kundi la pili walikuwa na miaka 5. Anayesoma takwimu hiyo peke yake atashangilia. Lakini vifo vya saratani ya mapafu, ukivigawanya kwa jumla ya miaka ambayo washiriki wote walifuatiliwa, vilikuwa 4.4 kwa kila miaka 1,000 katika kundi lililopimwa sana na 3.9 katika kundi jingine. Tofauti hiyo haikuweza kutenganishwa na bahati, na kwa vyovyote haikuegemea upande wa waliopimwa.

Hapo kulikuwa na zaidi ya kusogea kwa saa. Uvimbe unaokua polepole hukaa mwilini muda mrefu bila dalili, na kwa hiyo kipimo cha vipindi huunasa kwa urahisi. Uvimbe mkali huchipuka na kuleta dalili katikati ya kipimo kimoja na kingine. Ni sawa na mtu anayechungulia dirishani mara moja kwa saa, ambaye atawaona waendao kwa miguu wengi kuliko magari yaendayo kasi, hata kama barabara hiyo hupitwa na magari mengi zaidi. Wanaogunduliwa kwa uchunguzi, basi, tangu mwanzo ni watu wenye ugonjwa mpole. Upole huo ukivuka mpaka, tunapata kitu kinachowatesa sana watakwimu wa fani hii: saratani ambayo isingegunduliwa, mwenyewe asingeijua hadi kufa kwake kwa sababu nyingine. Hadubini inasema ni saratani, na hapo hadubini haikosei. Ila haimwambii mtu huyo kwamba isingemdhuru.

Korea Kusini ndiyo mahali ambapo jambo hili lilionekana waziwazi. Baada ya mpango wa taifa wa uchunguzi wa saratani kuanza mwaka 1999, hospitali nyingi zilianza kuwauzia watu kipimo cha ultrasaundi ya tezi ya thairoidi kama nyongeza. Kufikia mwaka 2011, kiwango cha kugunduliwa kwa saratani ya tezi hiyo kilikuwa mara 15 ya kile cha mwaka 1993, watu zaidi ya 40,000 wakigunduliwa kwa mwaka mmoja, huku vifo vikibaki palepale, chini ya 400 kwa mwaka. Ukichora mistari miwili, mmoja wa wanaogunduliwa na mwingine wa wanaokufa, wa kwanza unapaa na wa pili umelala. Kiwango cha kuishi miaka mitano, bila shaka, kilikuwa kizuri mno. Japani ilipitia jambo linalofanana na hilo kwa watoto wachanga, waliopimwa mkojo kutafuta nyuroblastoma, saratani ya utotoni inayoanzia kwenye seli changa za neva: tafiti za Kanada na Ujerumani zilizochapishwa mwaka 2002 zilionyesha kwamba upimaji wa aina hiyo uliongeza idadi ya watoto waliogunduliwa bila kupunguza vifo, na mpango wa Japani ukasitishwa baadaye.

Dawa ya matatizo haya yote inajulikana, na ni rahisi kuieleza kuliko kuitekeleza: wagawe watu kwa bahati nasibu kabla ya kupimwa, anza saa siku hiyohiyo kwa kila mmoja, mgonjwa na mzima, kisha hesabu vifo katika kundi zima badala ya miaka ya kuishi ya waliogunduliwa. Utafiti wa Marekani ujulikanao kama NLST ulifanya hivyo kwa wavutaji na waliowahi kuvuta sigara 53,454. Nusu walipigwa picha za CT za mionzi kidogo, nusu eksirei ya kifua, mara moja kwa mwaka kwa miaka mitatu. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba vifo vya saratani ya mapafu vilikuwa 247 kwa kila miaka 100,000 ya ufuatiliaji katika kundi la CT na 309 katika kundi la eksirei, yaani pungufu ya asilimia 20. Hii ni takwimu ninayoweza kuisimamia, kwa sababu mwanzo wa saa hautegemei nani aligunduliwa lini. Hata hivyo, msomaji anastahili kuiona pia kwa sura yake nyingine: ni vifo 62 vilivyoepukwa kwa kila miaka 100,000 ya ufuatiliaji, na katika vipimo vyote vya CT asilimia 24.2 vilileta majibu ya kutia shaka, ambayo asilimia 96.4 kati yake hayakuwa saratani.

Kuanza saa siku ya kugawanywa kuna gharama yake. Wapo watakaopangiwa kipimo na wasiende. Katika utafiti wa NordICC, uliochapishwa mwaka 2022 na uliohusisha watu 84,585 wa umri wa miaka 55 hadi 64 katika Poland, Norwe na Uswidi, waliopokea mwaliko wa kolonoskopi moja, yaani kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera, walikuwa 28,220, na walioitikia walikuwa asilimia 42 tu. Baada ya miaka kumi, hatari ya kupata saratani ya utumbo mpana ilikuwa asilimia 0.98 kwa walioalikwa na 1.20 kwa wasioalikwa, pungufu ya asilimia 18. Kwa upande wa vifo tofauti ilikuwa ndogo, na haikuwa ya uhakika. Magazeti yaliandika kwamba kolonoskopi haisaidii kama ilivyodhaniwa, na madaktari wengi wakajibu kwamba mtu hawezi kufaidika na kipimo ambacho hakukifanya.

Kila upande ulikuwa unajibu swali lake. Kuwahesabu wote walioalikwa ni kujibu swali la mpangaji wa afya ya umma: nikituma mialiko, nini kitatokea? Anayetaka kujua faida kwa mtu aliyefanya kipimo ana swali jingine, ambalo haliwezi kujibiwa kwa kuwatoa wasiokwenda na kuwalinganisha waliokwenda na kundi zima la wasioalikwa, kwa maana anayeitikia mwaliko wa hospitali kwa kawaida ndiye pia asiyevuta sigara, anayekula vizuri na anayefuatilia afya yake. Watafiti wa NordICC walirekebisha tofauti hizo kwa mbinu za kitakwimu na kukadiria kwamba hatari ingepungua kwa asilimia 31 kama wote wangeitikia. Naikubali namba hiyo kwa tahadhari kuliko ile ya 18, kwa kuwa ya pili inalindwa na bahati nasibu na ya kwanza inategemea kama tofauti zote muhimu zilipimwa.

Ugumu wa pili wa utafiti wa kinga ni subira. Saratani nyingi huchukua miaka kumi, ishirini au zaidi kujitokeza, na hakuna mfadhili wa kusubiri muda wote huo. Kwa hiyo watafiti husimamisha saa mapema, kwenye kitu kinachotangulia saratani: uvimbe mdogo, badiliko la seli, maambukizi ya kudumu, au kiwango cha kitu fulani katika damu. Historia ya betakarotini, kirutubisho kinachopatikana katika karoti na mboga nyingine, inaonyesha hatari ya njia hiyo. Katika miaka ya 1980 tafiti za ufuatiliaji zilikuwa zimeonyesha mara kwa mara kwamba watu wenye betakarotini nyingi katika damu walipata saratani ya mapafu kwa nadra zaidi. Dhana ilikuwa nzuri na vidonge vilikuwa rahisi. Nchini Ufini, wanaume wavutaji sigara 29,133 wenye umri wa miaka 50 hadi 69 waligawanywa kwa bahati nasibu, na mwaka 1994 ikatangazwa kwamba waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Utafiti wa Marekani uitwao CARET, wenye washiriki 18,314, ulisimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake, kwa sababu waliopewa vidonge walikuwa wakiugua na kufa zaidi. Vidonge vilipandisha kiwango katika damu kama ilivyotarajiwa. Ila kiwango hicho hakikuwa ndicho kilichowakinga wale wa mwanzo. Kilikuwa alama tu ya watu wanaokula mboga na matunda na kuishi kwa namna tofauti.

Si kila kipimo cha kati kinadanganya. Kwa saratani ya mlango wa kizazi tunajua kwamba karibu zote huanzia kwenye maambukizi ya kudumu ya virusi vya HPV, na ndiyo maana utafiti wa KEN SHE uliofanyika nchini Kenya uliweza kujibu swali kubwa kwa muda mfupi. Wanawake 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20 walipewa dozi moja ya chanjo ya HPV au chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na katika miezi 18 dozi hiyo moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Kinachonifurahisha zaidi katika utafiti huo ni jinsi walivyoiweka siku ya kwanza. Chanjo haiwezi kuzuia maambukizi ambayo tayari yapo, wala haifanyi kazi siku ileile inapodungwa. Kwa hiyo uchambuzi mkuu uliwahusu wanawake waliokuwa hawana virusi hivyo walipoandikishwa na ambao walikuwa bado hawana walipopimwa tena mwezi wa tatu. Sharti hilo liliwekwa sawasawa kwa makundi yote. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliruhusu ratiba ya dozi moja, na utafiti huu ulikuwa miongoni mwa ushahidi uliozingatiwa.

Baadaye saratani yenyewe nayo ilihesabiwa. Uchambuzi wa rejista za Uswidi uliochapishwa mwaka 2020, ukiwahusu wasichana na wanawake karibu milioni 1.67, ulikuta kwamba waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walikuwa na kiwango cha saratani ya mlango wa kizazi kilicho chini kwa asilimia 88. Hapo hapakuwa na bahati nasibu, lakini saa ilichungwa vizuri: msichana aliyechanjwa akiwa na miaka 15 alihesabiwa miongoni mwa wasiochanjwa hadi siku ya chanjo, kisha akahamishiwa kundi la pili. Jambo hilo linaonekana dogo. Nitaonyesha kwa nini si dogo.

Tuhamie kwa manusura, yaani watu waliomaliza matibabu na kuendelea kuishi. Swali wanalouliza mara nyingi ni hili: nifanye nini ili ugonjwa usirudi? Chukua mfano wa kubuni wa wagonjwa 200 waliomaliza tibakemikali. Miezi sita baadaye hospitali inaanzisha mpango wa mazoezi. Katika miezi hiyo sita 20 wamekwisha kufariki. Kati ya 180 waliobaki, 100 wanajiunga na 80 hawajiungi. Tuseme mazoezi hayana faida yoyote, na kila kundi linapoteza asilimia 10 ya watu wake katika miaka miwili inayofuata: 10 kati ya waliojiunga, 8 kati ya wasiojiunga. Anayefungua jalada mwishoni na kuhesabu tangu siku ya kumaliza dawa ataandika hivi: waliofanya mazoezi, vifo 10 kati ya 100, wasiofanya, vifo 28 kati ya 100. Mazoezi ambayo hayakufanya chochote yameonekana kupunguza vifo kwa karibu theluthi mbili.

Kosa ni kwamba aliyejiunga ilibidi kwanza aishi miezi sita. Katika kipindi hicho hakuweza kufa na bado akaitwa mfanya mazoezi, na wale 20 waliokufa mapema wamerundikwa upande wa pili, ingawa hakuna ajuaye wangechagua nini. Ukianza saa mwezi wa sita, kwa walio hai tu, unapata 10 kati ya 100 na 8 kati ya 80, asilimia 10 kwa 10. Tangu mwaka 1983, Anderson, Cain na Gelber walieleza namna hii ya kuchagua siku ya kuanzia, walipokosoa desturi ya kulinganisha wagonjwa wa saratani walioitikia dawa na wasioitikia. Na modeli ya Cox ya mwaka 1972, mbinu ya kitakwimu ya kulinganisha kasi ya vifo kati ya makundi, inaruhusu mtu kuhama kundi siku anapoanza mazoezi, kama walivyofanya Waswidi. Mbinu zipo kwa miongo mingi. Bado naziona ripoti ambazo hazizitumii, hasa zinazohusu dawa za kawaida, vitamini na vyakula, na kadiri faida inayodaiwa inavyokuwa kubwa ndivyo ninavyozidi kurudi kwenye maelezo ya mbinu.

Hata saa ikirekebishwa, linabaki tatizo kwamba mgonjwa ambaye saratani imeanza kurudi kimyakimya huchoka na kuacha mazoezi. Ugonjwa ndio umesababisha kutofanya mazoezi, wala si kinyume chake. Hilo halitatuliwi na hesabu peke yake, na ndiyo maana majaribio ya bahati nasibu kwa manusura yana thamani kubwa, liwe jibu ni ndiyo au hapana. Jaribio la WHEL nchini Marekani liliwahusisha wanawake 3,088 waliowahi kuugua saratani ya matiti, na mwaka 2007 lilionyesha kwamba mlo wenye mboga, matunda na nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo haukupunguza kurudi kwa ugonjwa wala vifo katika muda wa takriban miaka saba. Jaribio la CHALLENGE, lililochapishwa mwaka 2025, lilitoa jibu tofauti kuhusu mazoezi: kati ya wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kumaliza tibakemikali, asilimia 80.3 ya waliopewa mpango wa mazoezi wa miaka mitatu walikuwa hai bila ugonjwa baada ya miaka mitano, dhidi ya asilimia 73.9 ya waliopewa vijitabu vya elimu ya afya. Uandikishaji ulianza mwaka 2009. Ni subira ya aina hiyo inayohitajika.

Michoro ya kuishi inayoambatana na tafiti hizi hutokana na mbinu ya Kaplan na Meier ya mwaka 1958, na inafaa mtu aikokotoe kwa mkono walau mara moja. Chukua watu kumi. Mwezi wa tatu mmoja anafariki: waliosalia ni 9 kati ya 10, uwezekano wa kuishi ni 0.9. Mwezi wa tano mmoja anahama na hapatikani tena; mstari haushuki, ila wanaohesabiwa sasa ni 8. Mwezi wa nane mwingine anafariki: 7 kati ya 8, ukizidisha kwa 0.9 unapata 0.7875. Kila mtu anapotoweka hivyo, vifo vinavyofuata vinashusha mstari kwa hatua kubwa zaidi kwa sababu walio chini ya hesabu wamepungua, na hivyo mkia wa mchoro unaweza kuwa unasimamia watu watatu au wanne. Idadi hiyo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya mchoro, na wahariri wanaoiondoa ili kuokoa nafasi hawamtendei msomaji haki.

Mbinu hiyo ina dhana moja nzito: kwamba aliyehama ana matarajio sawa na aliyebaki. Kwa mtu aliyebadilisha namba ya simu dhana inavumilika. Kwa manusura aliyekufa kwa ugonjwa wa moyo haivumiliki hata kidogo, kwani hatarajiwi tena kupata saratani ya pili popote alipo. Tuseme tunafuatilia manusura 100. Mwaka wa kwanza 20 wanafariki kwa moyo. Mwaka wa pili 20 kati ya 80 waliobaki wanapata saratani ya pili. Ukiwachukulia waliofariki kama waliohama, utatangaza kwamba hatari ya saratani ya pili ni 20 kwa 80, yaani asilimia 25. Ukweli ni kwamba waliougua ni 20 kati ya 100. Kwa wagonjwa vijana tofauti hii ni ndogo. Kwa wazee, na kwa waliopata mionzi ya kifua au dawa zinazoudhuru moyo, inakua haraka. Fine na Gray walipendekeza mwaka 1999 modeli inayokadiria moja kwa moja hatari ya aina hiyo ya 20 kati ya 100, ambayo ndiyo ya kumwambia mgonjwa. Anayetafuta chanzo cha ugonjwa atahitaji zaidi kasi ya kuugua miongoni mwa waliosalia. Napendelea kuziona zote mbili katika ripoti moja, kwa kuwa dawa inayoua watu kwa moyo inaweza kuonekana inawakinga dhidi ya saratani.

Siku ya kwanza inarudi tena tunapowasoma manusura wa utotoni. Utafiti wa Marekani na Kanada uitwao Childhood Cancer Survivor Study hapo mwanzo uliwaandikisha watu waliogunduliwa kati ya mwaka 1970 na 1986 kabla ya kutimiza miaka 21, kwa sharti kwamba walikuwa wameishi angalau miaka mitano tangu kugunduliwa, na ndugu zao wakachukuliwa kuwa kundi la kulinganisha. Mwaka 2006, kwa kutumia manusura 10,397 na ndugu 3,034, ilikadiriwa kwamba miaka 30 baada ya kugunduliwa asilimia 73 ya manusura walikuwa na angalau tatizo moja la kudumu la kiafya, na asilimia 42 walikuwa wamefikwa na tatizo kubwa, la kutishia maisha au la kuua. Namba hizo zinamhusu mtu aliyevuka miaka mitano, na mzazi ambaye mtoto wake amegunduliwa wiki hii hawezi kuzitumia moja kwa moja. Vilevile, mshiriki aliyeandikishwa miaka kumi baada ya kugunduliwa hapaswi kuhesabiwa kuwa alikuwa chini ya uangalizi katika miaka hiyo kumi. Saa yake ya hatari huanza siku alipoingia, vinginevyo tunazalisha upya kosa la wale wafanya mazoezi.

Limebaki suala ninaloliona kuwa gumu kuliko yote, nalo ni dodoso za hali ya maisha. Dodoso inayotumika sana katika majaribio ya saratani, QLQ-C30, ina maswali 30 kuhusu maumivu, uchovu, usingizi, hamu ya kula na mengineyo. Mwezi wa kwanza karibu kila mtu huijaza. Mwezi wa kumi na mbili hazirudi zote, na ambazo hazirudi ni za waliochoka mno, waliolazwa na waliokata tamaa. Wastani wa waliojibu hupanda mwaka hadi mwaka bila mtu yeyote kupata nafuu. Kujaza mapengo kwa kukisia kutokana na majibu yaliyotangulia husaidia pale ambapo majibu hayo yanaeleza kwa nini mtu hakujibu. Pale ambapo amezidiwa ghafla baada ya dodoso ya mwisho, hayasaidii, na mtafiti mwaminifu hurudia uchambuzi akichukulia kwamba wasiojibu wako katika hali mbaya kwa viwango tofauti, aone hitimisho linavunjika wapi.

Kwa waliofariki hakuna cha kujaza. Hawana maumivu ya kupimwa mwezi wa kumi na mbili, na kuwapa alama ya kubuni ni kuwahesabu kana kwamba wako hai. Mtafiti analazimika kuchagua swali. Tuseme kati ya watu 100 waliopewa dawa ya kwanza, 50 wako hai baada ya mwaka na wote wana hali njema. Kati ya 100 waliopewa dawa ya pili, 80 wako hai na 60 wana hali njema. Tukiwauliza walio hai tu, dawa ya kwanza ina asilimia 100 na ya pili 75. Tukiwahesabu wote walioanza, ya kwanza ina watu 50 walio hai na wenye hali njema, na ya pili ina 60.